Vyombo Mia na Sitini na Tatu vya Stanley

Jumanne, 10 Juni 2025

Baridi! Upepo wa Dodoma unatoboa koti. Nimeamka na wazo kubwa. Kichwa hiki kingezaliwa Ulaya kingekuwa kimechongewa sanamu.

Jumamosi Abeli, wa nyumba ya pili, anaoa binti wa Gulwe. Mtaa mzima unaazimisha vyombo, kama kawaida. Na kama kawaida Stanley, fundi rangi, anapita na kopo lake kutia alama: nukta nyekundu kwa huyu, mistari miwili kwa yule. Kisha anakaa jikoni siku nzima, analishwa kama bwana harusi. Kwa nukta!

Nimeiambia kamati ya harusi kwamba enzi za nukta zimepita. Kila chombo kitapata kitambulisho cha kompyuta, kisichofanana na kingine duniani. Mwenyekiti, Mzee Batholomeo, akauliza cheti changu cha kompyuta kiko wapi. Nikamjibu, shikamoo mzee, nilisoma Morogoro wiki sita, cheti sikukichukua kwa unyenyekevu. Wakakubali. Nadhani ni kwa sababu nilisema ni bure.

Mama Zipora peke yake alisita. Anatoa sufuria yake kubwa ya masikio mawili, ile anayopikia maharage ya wanafunzi kule Chimwaga. Anayo hiyo hiyo tu. Akasema, Msafiri mwanangu, Jumatatu asubuhi watoto wanaanza mitihani, wasipokula kwangu watakula kwa mwingine, na hawatarudi tena. Nikamwapia itarudi kabla ya hapo. Mkono kifuani.

Jumatano, 11 Juni

Vyombo 163 kwenye daftari. Stanley nimemwandika wa kwanza, na birika lake, ili asiumie moyo. Mimi ni mtu wa watu.

Saa kumi jioni nikabonyeza. Vitambulisho 163 kufumba na kufumbua! Programu ikavigeuza kuwa maandishi ya kuchapa kwenye stika. Hapo ndipo kizingiti. Kila kimoja ni herufi na tarakimu thelathini na mbili, na vistari vinne juu yake. Haviingii kwenye sikio la sufuria. Kwenye upawa ndiyo usiseme! Nimekata. Nane za mwanzo zinatosha. Hata mimi hakuna anayeniita kwa ukoo wote.

Kudra, anayesoma kompyuta chuoni, akapita akazitazama. Akauliza, kaka Msafiri, mbona zote zimeandikwa 01975f13? Nikamwambia hivi ni vyombo vya mtaa mmoja. Familia moja. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Wasomi hawapendi kuzidiwa.

Ijumaa, 13 Juni

Stika zote zimebandikwa, selotepu juu. Nimewaagiza kina mama wasugue alama za zamani kwa msasa. Mifumo miwili huchanganya watu.

Stanley alikuwa amekalia ndoo, anatazama nukta zake zikiisha. Akasema, pole, ndugu yangu. Nikauliza pole ya nini. Akasema ya kesho.

Wivu!

Jumamosi, 14 Juni

Harusi imefana. Pilau sahani nne. Wageni wa Gulwe walikuja na sufuria yao ya masikio, imejaa makande. Kwa ukarimu nikaibandika stika ya akiba. Walipoondoka mapema nilisimama mlangoni pa basi, nikalinganisha stika ya sufuria waliyobeba, herufi moja moja, na daftari langu, nikaruhusu. Kama afisa wa forodha!

Saa kumi na moja, kurudisha vyombo. Nikafungua kompyuta, nikaandika zile nane. Ikakataa. Ati hicho si kitambulisho. Yaani yenyewe ndiyo iliyokizaa! Nikakijaza sifuri mpaka kikatimia urefu. Ikakubali, ikasema chombo hicho hakipo. Kina mama wamenizunguka, mikono viunoni. Jasho. Nikaiamuru itafute chochote kinachoanza hivyo, ilete cha kwanza.

Ikaleta: Stanley.

Nikajaribu sinia. Stanley. Chupa ya chai. Stanley. Kinu cha Mzee Batholomeo, alichorithi kwa bibi yake. Stanley! Vyombo mia na sitini na tatu, vyote vya Stanley. Akasimama, akawashukuru majirani kwa mapenzi yao, akauliza nani ana fuso la kuazima.

Kina mama wakacheka mpaka wakakaa chini. Kisha wakanisogeza pembeni na kompyuta yangu. Huyu anagonga sufuria anasikiliza mlio. Yule anapapasa kitako, anasema huu weusi ni wa kwangu. Nusu saa, kila mtu na chake. Ushamba, lakini una kasi.

Mama Zipora hakucheka. Sufuria yake haipo. Iliyobaki ni ya Gulwe. Hakunigombeza. Akasema tu, basi mwanangu, Jumatatu nitawaambia nini. Heri angenipiga na mwiko.

Jumapili, 15 Juni

Basi la Mpwapwa alfajiri, kisha bodaboda mpaka Gulwe, sufuria ya wenyewe mapajani. Nimemkuta Bibi Paulina, bibi wa bibi harusi, anachochea makande ndani ya sufuria ya Mama Zipora.

Nikamwamkia, nikajieleza. Akanionyesha stika. Akasema, si wewe kijana uliyesoma hizi pale kwenye basi ukasema ni yetu? Nikasema ndiyo. Akauliza, sasa uongo ni wa jana au wa leo?

Nikalazimika kumwomba atazame ubavuni, pana kibonyeo pale bodaboda ilipoigonga. Kibonyeo! Mimi, mtu wa Morogoro, naapa kwa kibonyeo! Akakiona. Akasema itatoka makande yakiiva. Yameiva saa nane. Nimekula sahani tatu, nikawapasulia kuni, nikamtengenezea redio. Nikarudi na sufuria kichwani kama helmeti.

Jumatatu, 16 Juni

Saa kumi na moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mama Zipora. Akaipokea, akaigonga, akasikiliza. Akatabasamu. Nikambebea mpaka Chimwaga, nikawasha moto. Wanafunzi wamekula maharage mpaka sufuria ikabaki nyeupe. Mimi nilikula wa kwanza, kwa ajili ya ukaguzi.

Kudra akaja na sahani yake. Akaeleza taratibu, kama anamlisha mtoto. Vitambulisho vya aina hii mwanzo wake ni saa vilipozaliwa. Vyote vilizaliwa dakika moja, kwa hiyo mwanzo ni mmoja. Tofauti iko mwishoni, mahali nilipokata. Na ukikata, hakirudi kuwa kitambulisho. Nikamwambia nimeelewa kabisa.

Stika ya Mama Zipora imeng'olewa. Stanley keshatia mistari miwili.

Jumatano, 18 Juni

Nimefikiri siku mbili. Tatizo nimeliona. Nane zilikuwa nyingi mno! Watu walichoka kusoma.

Jamaldini, jirani yetu, anamwoza dada yake mwezi huu. Viti mia tatu, vya kuazima kutoka nyumba kumi na mbili. Nimepunguza herufi ziwe nne. Za mwanzo, bila shaka; nani anaanza jina mwishoni? Nimejaribu vitambulisho kumi. Vyote 0197. Safi, vinapendeza, familia moja.

Na stika ndiyo basi tena. Sasa ni rangi, kwa mkono wa Stanley, maana sina kinyongo na mtu. Nimemwonyesha orodha. Akaisoma yote, mia tatu, mpaka chini. Akainuka, akanikumbatia. Akasema hii ndiyo kazi nyepesi kuliko zote maishani mwake, kibao kimoja kilichotobolewa 0197, cha kupakia rangi, kitamtosha kwa viti vyote.

Hatimaye ameielewa teknolojia.