Mkojo wa Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki ya kisukari ni keshokutwa. Muuguzi alinipa kichupa cha mkojo mwezi uliopita na kunisihi niache soda. Nimeshaacha mara sita. Leo nimekunywa moja tu, ya kuagana. Halafu ya pili, maana ya kwanza haikuwa baridi.

Kinachoniuma ni fundi viatu. Kibanda chake kimepakana na chumba changu cha kushonea. Kisukari tulikipata mwaka mmoja. Kliniki iliyopita muuguzi alimsimamisha mbele ya wagonjwa wote, akasema mtazameni mtu anayejua kujitunza. Wakampigia makofi. Na mimi nikapiga. Viganja viliniwasha mpaka jioni.

Safari hii watanipigia mimi. Nimepata wazo.

Jumanne, 4 Machi

Mdogo wangu ni mchomeleaji. Kifua kama kabati, hajawahi kulazwa hata siku moja. Nikamfuata karakana. Nikamwambia kliniki inachunguza magonjwa ya ukoo, wanataka mkojo wa ndugu mmoja wa damu. Akauliza majibu atapewa lini. Nikasema hayatolewi, ni siri ya serikali.

Akapandisha miwani yake ya kazi, akamaliza jagi zima la maji, akasema, "Kaka, ukiniomba figo nitakupa, sembuse mkojo."

Nikaona aibu kidogo. Ikapita. Kesho alfajiri naufuata.

Jumatano, 5 Machi

Mkojo umeingia maabara vizuri. Niliuvalisha soksi usipoe njiani. Kuwa fundi cherehani kunasaidia.

Baada ya hapo mambo yakaharibika. Daktari akataka kunipiga picha ya tumbo. Tumbo haliazimwi. Akanipaka utelezi wa baridi, akazungusha kidude chake. Ini langu limejaa mafuta, akasema. Nikapinga, mimi pombe sijui hata harufu yake. Akanieleza taratibu kwamba ini halingoji pombe. Sukari iliyozidi na uzito vinatosha. Tena kwa sisi wa kisukari, ini na figo huharibika bila kelele, mtu anajiona mzima. Nipunguze uzito, nitembee kila siku. Nikauliza kama hakuna kidonge cha kazi hiyo. Akakitazama kitambi changu, akaandika kitu kirefu kwenye faili.

Majibu ya mkojo keshokutwa. Hapo ndipo nitakapong'ara.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari alifunga mlango kabla hajakaa. Ishara mbaya.

Mkojo una sukari tele na protini nyingi. Figo zinavuja, akasema, zinapitisha kitu zilichotakiwa kukizuia. Akanipa pole. Nikakaribia kucheka, maana figo zenyewe si zangu. Kisha nikakumbuka ni za nani.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la korido sijui muda gani. Fundi viatu akanikuta hapo. Hakuuliza mengi, akaniletea maji, akakaa nami mpaka nikayamaliza. Mtu huyu hata kuchukiwa hajui.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda karakana kumwambia. Sikumwambia.

Nilimwambia anaonekana mchovu, apime afya. Akasema ana mageti mawili ya kumaliza. Nikamwambia nimemwota vibaya. Akacheka. Akanywa jagi la tatu mbele yangu. Miezi mingapi nimekuwa nikiona majagi hayo na kusema ni joto la moto? Mimi, mwenye kisukari, ninayeijua kiu hiyo kwa jina.

Baba alipofariki huyu alikuwa na miaka minane. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Ananiamini tangu hapo, bila sababu ya maana.

Jumapili, 9 Machi

Nimemweleza mke wangu kila kitu. Akatua kisu cha kukatia vitunguu. Nilitarajia makelele. Akasema, "Utamwambia leo, au nitakwenda mimi."

Nikaenda. Alikuwa sebuleni anamsuka binti yake. Nikasubiri mtoto atoke, nikamwambia yote: kichupa, soksi, siri ya serikali. Nilijiandaa kwa ngumi. Ningeshukuru kwa ngumi.

"Umejua tangu Ijumaa?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Na jana ukaja, ukanitazama nikinywa maji, ukaondoka."

Akanifungulia mlango.

Jumatano, 12 Machi

Amepimwa. Ni kisukari, na presha juu, inaelekea amekuwa navyo kwa miaka. Figo zimeguswa, ila daktari anasema bado hatujachelewa: kuna dawa za presha na sukari za kuzilinda, mradi azinywe na apunguze chumvi. Kisha, baada ya kusikia habari ya kichupa, akanigeukia mimi. Maneno yale sitayaandika. Muuguzi alikuwepo, wagonjwa wawili pia.

Nikatoa mkojo wangu mwenyewe, muuguzi akiwa mlangoni. Na mimi figo zimeanza kuvuja. Kidogo. Laiti ningeupeleka huo wiki iliyopita, una nafuu kuliko ule wa kuazima.

Benchini mdogo wangu aliacha nafasi ya watu watatu kati yetu. Akaja kukaa fundi viatu. Akamweleza namna ya kuanza: dakika kumi za kutembea, halafu ishirini. Wakapanga kutembea pamoja kila asubuhi. Mimi sikualikwa.

Ijumaa, 14 Machi

Wamepita dirishani kwangu saa kumi na mbili na nusu, bega kwa bega. Nikagonga kioo. Fundi viatu akapunga mkono. Mdogo wangu akatazama mbele.

Nimeshona suruali, mguu mmoja ndani nje. Nikakaa nikalia kidogo juu ya cherehani, machozi ya kweli. Nimeapa kubadilika. Kwa ajili yake, siyo ya makofi.

Mchana muuguzi akanipigia simu kunikumbusha. Kipimo kijacho ni cha damu, ataitoa yeye mwenyewe mkononi mwangu, na kinaonyesha sukari ya miezi mitatu nyuma. Hakidanganyiki, akasema, na akalirudia.

Nikafungua kalenda. Kliniki yangu ni baada ya miezi minne.

Kwa hiyo mwezi huu hauhesabiwi.