Mbavu za Mwanzi za Landrova ya Marselino

Sogeeni, enyi watu wa Busunzu na vitongoji vyake! Epueni vyungu, fungeni mbuzi, zimeni redio, na wewe uliye kwenye foleni ya bomba acha ndoo ikushikie zamu, uje. Mambo makuu hayatendeki kila mwaka katika nchi hii ya vilima, na yakitendeka hukosa mwandishi. Nami, Nurudini mwana wa Pangani, mwalimu wa historia niliyetupwa huku kwa barua ya uhamisho yenye mistari minne, nimeapa kwamba hili halitakosa. Wengine wameandika habari za wafalme walioteka miji. Mimi naandika habari za Marselino Mpawenimana, aliyefunika gari.

Naam, gari. Msicheke bado.

Huyu Marselino ndiye Simba wa Usukani, Mvuka Mito Asiyeuliza Kina, Bwana Asiyevutwa. Ingawa kwa hesabu yangu mwenyewe amevutwa mara kumi na moja, na mbili kati ya hizo ni kwa ng'ombe. Kwa miaka ishirini na sita aliendesha Landrova ya zahanati moja ya misheni, akipeleka chanjo na wajawazito, na siku aliyostaafu yeye, gari nalo likastaafishwa, wakatoka getini pamoja. Gari hilo lilizaliwa mwaka sabini na moja. Bodi yake ni ya alumini iliyokunjamana, honi yake hulia likikata kushoto tu, na juu lilikuwa wazi kabisa. Turubai lake lilikuwepo, zima, limekunjwa stoo. Lakini mbavu za chuma zilizokuwa zikilibeba zilishaliwa na kutu zikaisha. Na turubai lisilo na mbavu ni blanketi tu, ndugu zangu.

Sasa sikieni kilichomtia shujaa wetu vitani. Alikuwa na binti mmoja, Ange, muuguzi, ambaye mama yake alifariki angali mdogo, hata nusu ya shule ya msingi akaisomea ndani ya Landrova ile, daftari juu ya sanduku la chanjo. Mtoto huyo alipokuwa na miaka saba alitamka kwamba siku ya harusi yake Baba ndiye atakayempeleka, na kwa gari hili hili. Watoto husema mengi. Huyu aliendelea kulisema mpaka akafika miaka ishirini na saba na akachumbiwa na Renatus wa Titye, upande wa Kasulu, na ndoa ikapangwa huko huko kwa bwana harusi, Jumamosi ya pili ya Novemba.

Novemba! Mwezi ambao mbingu ya huku haina haya.

Hapo akasimama Vestina, dada mkubwa wa Marselino na shangazi wa bibi harusi. Na katika nchi hii shangazi kwenye harusi ni bunge, ni mahakama, tena ni polisi. Akasimama uani, mkono kiunoni, akatoa hukumu.

"Bibi harusi wa ukoo huu hafiki kwa wakwe amelowa. Wala hatazamwi njiani kama mkungu wa ndizi. Wakwe wamesema wataleta Noa yenye vioo vyeusi. Ukifunika gari lako kabla ya Jumamosi hiyo, utampeleka mwanao. Usipofunika, utafuata msafara kwa bodaboda, wewe na suti yako."

Marselino akavimba kifua, akanena: "Dada! Mimi niliyevuka Malagarasi imefurika, mama mwenye uchungu yuko nyuma na mkunga amezimia mbele! Mimi niliyebadilisha gurudumu nikitazamana na kiboko! Leo nishindwe na kuezeka?"

"Kuku wangu wanalala kwenye banda uliloezeka wewe," akajibu Vestina. "Wanalowa."

Basi shujaa akaondoka kwa ghadhabu kwenda Kibondo mjini kwa Majaliwa, fundi wa kuchomelea, Mfalme wa Cheche, ambaye mageti yake hayajawahi kubomolewa na mwizi hata mmoja, na mengine hayajawahi kufunguliwa na mwenye nyumba. Majaliwa akalizunguka gari mara tatu kama daktari bingwa. Akasema, "Mzee, hii kazi ndogo." Enyi mnaosikia, mkimsikia fundi anasema kazi ndogo, shikeni watoto wenu! Akaunda fremu ya mabomba ya maji, mazito, yale ya kupeleka maji vijiji vitatu. Wanaume sita wakainyanyua kwa kuitikiana, wakaipachika, na Landrova ikashuka kwenye springi zake taratibu, ikapiga magoti. Mlima wa kwanza tu kutoka mjini, ubavu wa alumini ukachanika kwa sauti ya khanga inayopasuliwa vipande.

Tulipoirudisha, Majaliwa akaitazama, akajifuta jasho. "Fremu yangu haina tatizo," akasema. "Gari ndilo dhaifu." Nimesoma vitabu vingi vya vita, na sijaona jemadari aliyeshindwa akasema tofauti.

Fremu ikabaki kwake, na siku zikabaki tisa. Marselino akaketi kizingitini, hali, haongei, hata matusi ya dereva yamemkauka. Nilimhurumia, sitaficha, mtu aliyezoea kukusumbua kwa kelele akinyamaza, unamkosa. Ange akarudi kutoka kazini, akamwona, akaketi karibu yake. "Baba," akasema polepole, "Noa nayo ni gari." Alisema kwa upendo, na maneno hayo yalimuumiza mzee kuliko mabomba yote ya Majaliwa.

Vestina alikuwa jikoni, akasikia. Akatoka, akaingia stoo kwake, tukasikia vitu vinaanguka, kisha akatokea amebeba ingobyi, ile machela ya kusuka ambayo wazee wa huku waliitumia kubeba wagonjwa na mabibi harusi vilimani kabla magari hayajafika. Ilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka. Kiunzi chake kilikuwa mwanzi mtupu, umepindwa kwa moto.

"Baba yetu aliitengeneza," akasema. "Ilimbeba mama siku anaolewa. Mtu mzima ndani, mkeka juu, wanaume wanne, vilima viwili. Inyanyue."

Marselino akainyanyua kwa mkono mmoja.

"Haya. Niambie bomba la Majaliwa lina kazi gani."

"Dada, kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Uliniuliza? Miaka mitatu tangu ustaafu nakusikia unatafuta chuma. Chuma, chuma, chuma. Mimi ni mwanamke wa kuku, najua nini?"

Ewe kalamu yangu ya wizara, usiishiwe wino hapa! Maana kesho yake alfajiri tuliteremka bondeni tukakata mianzi ya kijani, na vita vikaanza rasmi. Vestina akawasha moto mdogo uani, akatuamuru tuukalishe kila mwanzi juu ya joto huku tukiulowesha maji, tuupinde kidogo, tungoje, tuupinde tena. "Mwanzi haulazimishwi," akawa akituambia, "unabembelezwa." Marselino hajawahi kubembeleza kitu maishani mwake. Mwanzi wa kwanza ukapasuka mikononi mwake kwa mlio wa bunduki, jogoo wa jirani akakimbia na hakuonekana siku mbili. Wa pili ukapasuka vivyo hivyo. Wa tatu, Vestina akampiga kikofi cha bega, akamwambia, "Musaza wanje, kaka yangu, pumua." Akapumua. Mwanzi ukakubali.

Tukapata mbavu nne. Tukazifunga kwenye vigingi uani zijifunze umbo, siku nne nzima, na kila aliyepita njiani aliuliza kama tunafuga nyoka. Kisha tukazisimamisha kwenye matundu ya chuma yaliyo pembeni mwa bodi, na juu yake tukalaza fito tano, tukakaza kila kiungo kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Fremu nzima ilibebwa na mtu mmoja tu kutoka uani hadi kwenye gari. Mtu huyo nilikuwa mimi, jambo ambalo limekwisha kusahauliwa na kila mtu.

Na kwa sababu shujaa wetu ni mtu makini, alipima vimo kabla ya kukata. Akamketisha Ange kwenye benchi la nyuma, akapima. Akamketisha Vestina, akapima kutoka benchi hadi utosini, akaongeza vidole vinne, akavitangaza kwa sauti kuwa ni vidole vya heshima. Vestina hakusema neno. Hilo peke yake lilitosha kututia wasiwasi, lakini tulikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha ana akili za kuku.

Jumamosi ikafika. Turubai likavutwa juu ya mbavu, likakaza vizuri hata Marselino akalipiga kwa kiganja likalia. Mawingu yalikuwa yamesimama upande wa Burundi, meusi, yana haraka. Noa ya wakwe ilikuwa imeegeshwa getini na maua yake, dereva anatafuna jojo, anangoja tushindwe. Ange akatoka na shela, akapanda kwenye Landrova, akaketi, akacheka. Wallahi, baba yake aliangalia pembeni.

Ndipo Vestina akatoka ndani ya nyumba na kikapu cha shangazi kichwani.

Kikapu hiki, kwa msioijua desturi ya ukoo huu, ni kile cha kusuka chenye kifuniko kirefu cha ncha, na ndani yake mna unga wa mtama kutoka kwao bibi harusi. Shangazi hukibeba kichwani kutoka mlango wa nyumbani hadi mlango wa wakwe. Hakikai chini. Hakikai mapajani. Njiani hakishuki, na unga ukilowa ni maneno ya mwaka mzima. Vestina akainama, akaingia, akataka kuketi. Ncha ikagonga turubai, na yeye akabaki amechuchumaa hewani, hayuko chini wala juu.

"Ulinipima mimi, Marselino," akasema kutoka mle ndani. "Hukupima kazi yangu."

"Dada! Si uliketi hapo nikakupima? Ungesema!"

"Harusi ngapi umeniona na kikapu? Umeniona kwa macho au kwa kofia?"

Dereva wa Noa akasogea, akasema, "Mama, si ukiweke tu kwenye buti?" Vestina akamtazama. Kijana wa watu akarudi kwenye gari lake, akafunga kioo.

"Lakini sikieni," akaendelea Vestina. "Kule kwenye Noa kitakaa mapajani, na aibu ni ya wakwe, gari ni lao. Humu kikikaa mapajani, aibu ni yetu. Ange, shuka, mwanangu."

Ange hakushuka. Alishika ubavu wa mwanzi kwa mkono wake wenye hina, akamtazama baba yake. Naye Marselino akazunguka uani mzima kwa macho, jiko, banda, kisima, mpaka yakafika kwenye rundo la magunzi ya mahindi kando ya jiko. Akavua koti la suti.

Ee magunzi! Enyi msiofikiriwa na yeyote ila mwenye moto! Marselino akachomoa mbavu mbili za nyuma kutoka kwenye matundu yake, akajaza matundu magunzi, akayashindilia kwa spana ya magurudumu, akajaza tena, akashindilia tena, mpaka yakagoma kushuka; kisha akarudisha mbavu. Zikapanda shibiri nzima. Vestina akaketi, kikapu kichwani, ncha imesimama bila kugusa kitu. Lakini turubai lina urefu wake, halikuomba kuongezwa. Lilipopanda nyuma, lilivutika, likaacha wazi sehemu yote ya mbele, juu ya kiti cha dereva.

"Baba," akasema Ange, "na wewe je?"

"Mimi ni dereva," akasema Marselino. Ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

Mvua ilitukuta tulipoingia wilaya ya Kasulu, nayo haikuja kwa salamu. Nasema ilitukuta, kwa sababu mimi nilikuwa nimealikwa kiti cha mbele, mgeni wa heshima! Maji yaliingia kwenye kola yakatokea kwenye soksi. Marselino alishika usukani, kope zikichuruzika, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbaya. Na kila kona ya kushoto honi ikamwitikia. Nyuma hawakupata hata tone.

Pale Titye wakwe walikuwa wamejipanga na miavuli. Vestina akateremka, wima, hakumsalimu mtu. Akafika mlangoni, akakishusha kikapu, akafunua, akazamisha mkono kwenye unga hadi kwenye kiwiko. Akautoa. Ukoo mzima wa Renatus ukakodoa macho.

"Mkavu," akasema.

Pigeni ngoma! Andikeni katika mihtasari ya kata, katika ubao wa matangazo wa kijiji, chini ya tangazo la chanjo ya mbwa: siku hiyo, kwa mianzi minne, tyubu za baiskeli na magunzi yasiyo na idadi, Marselino Mpawenimana alimfikisha binti yake kwa mumewe, na unga ulikuwa mkavu. Miji imetekwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Tulirudi jioni, watatu: Vestina nyuma peke yake na kikapu alichorudishiwa kitupu, sisi wawili mbele, na manyunyu bado yanadondoka. Landrova ilipanda milima kwa wepesi ambao sijawahi kuuona. Marselino akabadilisha gia mara mbili. Kisha akasema, bila kugeuka, "Dada, gari jepesi mno."

Nikamngoja Vestina. Mwanamke huyu hajamwachia kaka yake neno bila jibu kwa miaka sitini.

"Ego, ndiyo," akasema. "Tutazoea."

Akasogea karibu na kiti cha dereva, akachukua kile kifuniko kirefu cha kikapu, akamvika kaka yake kichwani, mvua isimpige. Akakishikilia kwa mkono hivyo hivyo, ncha juu, mpaka Busunzu, na kila tuliyempita njiani alisimama akatupisha.

Mimi nililowa. Historia na iandike hilo pia.