Nani Mwenye Bima, Karatasi au Pamba?

Ndugu Meneja wa Bima za Vyombo vya Moto,

Salamu nyingi katika jina la Mwenyezi Mungu. Hujambo? Na wifi yangu, mama wa nyumbani kwako, hajambo? Mimi sijambo, ila kifua kidogo kwa sababu ya vumbi la pamba, nacho tumeshazoeana. Nasikia nyinyi wakubwa wa maofisini mnasumbuliwa sana na mgongo. Kama nawe umo, pole. Soma taratibu, dawa imo humu humu.

Mimi na mume wangu ni mafundi wa magodoro. Mimi nakata kitambaa na kushona, yeye anajaza pamba na kuwapelekea wateja kwa pikipiki. Majirani wanamwita Wingu, maana akishafunga magodoro nyuma na pembeni, na jingine mbele ya kifua, haonekani yeye wala pikipiki. Unaona tu kitu cheupe kinaelea barabarani huku kinanguruma.

Juzi wakala wenu, yule bwana wa miwani, alikuja karakanani kwetu. Tukampa kiti. Akasema bima ya pikipiki kubwa imepanda tena, na kwa kuwa yetu ni kubwa kweli kweli, imepanda kweli kweli. Nikamuuliza, "Mwanangu, imepanda inakwenda wapi?" Akajibu, "Mama, injini kubwa, mwendo mkubwa, hatari kubwa." Wingu alichukua kitambaa akaanza kulifuta tangi polepole, kama mtu anayemuaga mgonjwa. Bima yetu inaisha Ijumaa. Tukishindwa, pikipiki inalala, naye anarudi kwenye ule mkokoteni uliompinda mgongo. Ndiyo maana leo nimeweka sindano chini nikashika kalamu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wakala wenu alipima injini, hakupima mwendo. Injini ni kubwa kwa sababu godoro hushika upepo, na pikipiki ndogo tuliyokuwa nayo ilikuwa inarudishwa nyuma. Hii haina mbio, ina uvumilivu. Juzi wifi yangu, dada yake Wingu, alitembea kwa miguu sambamba na Wingu kuelekea sokoni, anamtania njia nzima: "Kaka, hiyo pikipiki au trekta? Nitangulie nikakupokee?" Na kweli akatangulia.

2. Kabla ya kuwasha, mume wangu huwaombea wote walioko barabarani: madereva, wenye baiskeli, waenda kwa miguu, mbuzi, hata wanaochimba mitaro wakaiacha wazi. Akifika kwenye mbuzi, wateja huwa wameshaanza kupiga simu. Nauliza kwa adabu, maombi haya mmeyaweka wapi katika hesabu zenu?

3. Pikipiki yetu imezungukwa na magodoro. Wingu ameanguka, sikatai, mimi si mwongo na Mungu ananisikia. Lakini kila alipoanguka aliangukia godoro. Siku moja alikawia kuinuka mpaka nikaanza kulia. Kumbe usingizi umempitia! Mteja aliyekuwa akilisubiri godoro hilo akasema hahitaji tena kulijaribu.

4. Muuza mboga wa pale kona aligongwa na pikipiki yetu, yaani aligongwa na godoro. Akaketi juu yake, akalibonyeza, akauliza, "Hili la nani?" Leo analilalia. Ajali za wengine huzaa wagonjwa, zetu huzaa wateja. Ndiyo maana hatujawahi kubisha hodi kwenu kudai fidia.

5. Sasa hapa naomba univumilie. Jambo hili nimelifikiria nikiwa nashona, na hata katikati ya ibada, Mungu anisamehe. Bima ni kitu cha kumpokea mtu anapoanguka, si ndivyo? Basi kati yako mwenye karatasi na sisi wenye pamba, nani mwenye bima? Si sisi wa kuwalipa nyinyi, ndugu yangu. Nyinyi ndio mtulipe, na Wingu awe anazunguka mjini kwa niaba yenu, watu wapate pa kuangukia.

6. Nilikuwa nimemaliza, ila Wingu anasema niongeze hili: kila mwenye pikipiki kubwa alazimishwe kufunga godoro mbele na nyuma. Mafundi wapo. Sitawataja, isije ikaonekana najipigia debe.

Usinione mkali. Mdomo wangu mrefu, lakini moyo ni laini kama kazi yetu. Msalimie wakala wa miwani, mwambie kiti chake kipo. Wasalimie mapokezi, mlinzi wa getini, wahasibu, na wote mnaoketi kwenye viti vigumu. Naomba unijibu upesi, Ijumaa haipo mbali.

Ni mimi dada yako ninayekuombea,
Mama Pamba

Nyongeza: Wingu alisema ataileta barua hii mwenyewe. Nikamwambia kwa mkubwa hakuendwi na mizigo, avae shati la ibada na ashushe magodoro yote. Akashusha. Kwa haraka ya kwenda kuonana na mkubwa, hata maombi aliyakatisha, akaishia kwa madereva. Ndugu yangu, sikujua pikipiki ile isipokuwa na godoro inaweza kukimbia namna ile. Wala yeye hakujua. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na za mume wangu zimeishia kwenye lango lenu. Mlinzi wako amenipigia simu. Anasema Wingu ni mzima, ila anachechemea, na lango limelala chini. Anasema pia bahasha aliyoibeba haina kitu ndani, na kweli, barua hii imebaki hapa juu ya cherehani. Namtuma wifi ailete kwa miguu, pamoja na godoro, maana nasikia mmemlaza kwenye benchi. Yale malalamiko yasahau yote, kuanzia la kwanza hadi la sita, na kiwango kipya tutalipa. Ila leo ni Jumatano, na bima ya zamani inaisha Ijumaa. Naomba unijibu upesi hili moja tu: je, bima yenu inalipia lango lenu?