Moto Mmoja, Nyumba Saba

Jumatatu, 8 Septemba

Gesi imepanda tena. Unga nao. Mkaa, usiulize.

Nduku ameenda Matiliku kumwona dada yake aliyejifungua. Anarudi Ijumaa. Kabla ya kutoka alinyooshea kidole mtungi wake wa gesi, ule aliopewa na chama cha akina mama, akasema akirudi asipoukuta, atageuza na gari lile lile. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Vumbi la gari halijatulia, nikapata wazo. Hapa kwetu tuko nyumba saba. Kila siku mioto saba, na wote tunachemsha isyo, mahindi na mbaazi yale yale. Kwa nini? Moto mmoja! Sufuria moja!

Jumanne, 9 Septemba

Nimeenda Kitui mjini. Roble, muuza vyombo, ana sufuria ya harusi. Amekubali tubadilishane na mtungi, pamoja na kichomeo chake. Aliniuliza mara mbili kama mke wangu anajua. Swali la ajabu kwa mfanyabiashara! Nikamjibu kuwa kwangu mimi ndiye katibu. Akacheka, akasema basi mwenyekiti akija atamkuta hapa hapa dukani.

Wa boda boda alikataa sufuria. Alisema huo si mzigo, ni abiria. Nimeibeba kichwani.

Jioni nilitangaza kwa majirani: kesho saa mbili, mwethya wa kupika, yaani kazi ya kusaidiana, kwangu.

Jumatano, 10 Septemba

Watu ishirini na sita! Mashoka, mapanga, kuni, hata koleo moja. Mahindi, hata punje moja hakuna.

Niliuliza chakula kiko wapi. Mama Kalondu, mkubwa wetu hapa, akaniuliza tangu lini aliyeita mwethya akalishwa na waliokuja kumsaidia. Mulinge, jirani asiyepanda kitu ila maneno, akasema labda mwenyeji alitaka tuje na maji ya kunawa pia.

Walichanja kuni. Walifagia uwanja. Kisha wakaketi, wakanitazama. Robo ya gunia letu la mahindi, la kutufikisha Desemba, imeingia sufuriani. Walikula. Walishukuru. Waliomba chumvi.

Sielewi. Nilisema wazi kabisa: mwethya.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimerekebisha. Nilipita mlango kwa mlango: kila nyumba ilete bakuli la mahindi na bakuli la mbaazi.

Walileta! Ila kila mtu alileta ya zamani zaidi ghalani, kwa kuwa sufuria ni ya wote. Mimi pia niliweka yale yenye fukusi, lakini mimi nilikuwa na sababu. Jirani yetu Kasyoki peke yake alileta ya msimu huu. Ya Mulinge yalikuwepo tangu uchaguzi uliopita.

Saa sita, mahindi ya Kasyoki yalikuwa uji. Ya Mulinge yaligonga sufuria kama kokoto. Saa kumi kuni ziliisha, kuni za wiki nzima. Mama Kalondu alitafuna punje moja, akaitoa, akaitazama, akaitia mfukoni. Alisema ataipanda mvua ikinyesha.

Watu wakaenda kupika kwao. Mioto saba. Ukiongeza huu wa sufuria, minane! Nimehesabu tena na tena. Ilipaswa kuwa mmoja.

Ijumaa, 12 Septemba

Nduku amefika. Hakugomba. Hilo ndilo lililonitisha. Alitazama pembe ya jikoni, pale mtungi ulipoacha duara sakafuni. Mkoba hakuuweka chini. Nikamweleza mpango wote, nukta kwa nukta. Nilipofika nukta ya tatu alikuwa ameshatoka, na mkoba wake.

Niliigeuza sufuria, nikaikalia. Nikaanza kuandika hapa sababu za kumfanya arudi. Nilipata moja: mimi. Nikaifuta.

Saa moja jioni akarudi! Hakwenda stendi. Alikuwa kwa Mama Kalondu, na wanawake wote. Wameamua hivi: kila nyumba ina siku yake. Mwenye siku anapika mahindi yake mwenyewe, ya msimu mmoja, yaliyolowekwa tangu jana yake, na nyumba nyingine sita zinakula kwake. Zamu kwa zamu, kama mwethya wowote. Sufuria ni zile za kanisa, ambazo Mama Kalondu huzitunza stoo. Kumbe ziko! Hakuna aliyeniambia. Sikuuliza, lakini hakuna aliyeniambia.

Nikamwambia Nduku hilo ndilo wazo langu. Akasema ndiyo, ila langu lilisahau watu. Akaweka mkoba chini.

Jumamosi, 13 Septemba

Nduku amerudisha sufuria kwa Roble na kuja na mtungi. Roble alimkaribisha akimwita mwenyekiti. Wa boda boda yule yule alibeba sufuria bila neno. Sielewi.

Jumapili, 14 Septemba

Zamu ya Kasyoki. Isyo laini, watu wameshiba, moto mmoja! Hata Mulinge alileta kuni. Aliuliza kwa sauti hili lilikuwa wazo la nani. Niliinua mkono. Wote wakamtazama Nduku. Pengine jua liliwaumiza macho.

Sasa hatua ya pili: gesi ya kinyesi cha ng'ombe. Inahitaji shimo, bomba na kichomeo. Kichomeo kipo, juu ya mtungi wa Nduku. Jumanne alfajiri anaenda Kiboko na akina mama wa kanisa kujifunza kilimo cha mtama. Siku mbili.

Nimeshatangaza: Jumanne saa mbili, mwethya wa kuchimba shimo, kwangu. Safari hii sikuacha nafasi ya kutoelewana. Nimesema kila mtu aje ameshiba.