Mstari kwenye Kikopo cha Breki

Jumapili, 4 Mei

Mke wangu anafika Jumamosi kwa basi la mchana. Miaka miwili hatujaonana. Kwenye simu nilimwambia asihangaike na usafiri, nitamfuata stendi kwa gari. Gari langu! Akapiga kelele, kisha nikamsikia akiwaita shangazi zake waje wasikie. Sasa siwezi kurudi nyuma.

Gari ni zee. Nilinunua kwa mlinzi wa ghala letu alipostaafu, na kiti bado kina umbo la makalio yake. Leo nimeliosha, nikakanyaga breki. Pedeli ikazama nusu. Nikafungua boneti. Kikopo cha mafuta ya breki kimepungua! Nikalala chini, nikatazama uvunguni. Sakafu kavu. Hakuna hata tone.

Hayakuvuja, lakini hayapo. Shule niliishia darasa la sita, ila hesabu hiyo siihitaji kufundishwa. Kuna mtu anayachukua.

Nimejaza mengine. Yakamwagika kidogo kwenye bodi karibu na taa, nikapangusa kwa mkono wa shati. Si kitu. Kisha nikachora mstari kwenye kikopo kwa ile kalamu nene tunayoandikia mifuko ghalani. Kalamu nimeificha ndani ya kiatu changu cha kutokea. Tuone.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekwenda kazini na gari, nimerudi nalo. Kutwa kubeba saruji, mgongo hauna adabu tena. Nikafungua boneti. Yako chini ya mstari! Upana wa ukucha mzima.

Namshuku jirani wa chumba cha pili. Anaendesha lori la maji, magari anayajua. Namwita Tabasamu, maana husalimia kila mtu asubuhi na jioni huku meno yote nje. Mtu asiye na lake hachekelei saa kumi na mbili asubuhi.

Leo kanisalimia mara mbili. Kisha kauliza, "Kaka, gari inakusumbua breki nini?" Kajuaje? Nikamjibu halisumbui. Akasema wakati mwingine silinda ndogo ya gurudumu la nyuma huvuja, mafuta yakabaki ndani ya dram, lile bakuli la chuma la breki, chini usione kitu. Nifungue gurudumu nitazame.

Nimemwelewa. Anataka gari likae juu ya jeki mpaka Jumamosi ipite. Mjanja!

Jumanne, 6 Mei

Jana jioni nilinyunyiza unga kuzunguka gari lote. Alfajiri nikatoka kuhakikisha mtego uko salama. Uko salama. Nikafungua boneti kidogo, nikafunga, nikarudi kujinyoosha.

Kumepambazuka, natoka tena: nyayo! Nyayo wazi kabisa kwenye unga, kisigino cha kushoto kimelika. Nikazifuata kwa kunyata. Zikakata uwanja, zikapita bombani, zikaishia mlangoni kwangu.

Mwizi anavaa viatu vyangu! Nikaingia ndani mbio. Viatu viko chini ya kitanda, vina unga. Maana yake anavichukua, anavitumia, anavirudisha. Nimenunua kufuli jipya.

Mama mwenye nyumba ameuliza nani amemwaga unga, siafu wamejaa uwanjani. Nikamwambia achunguze chumba cha pili.

Jumatano, 7 Mei

Wamenimwagia tindikali! Karibu na taa rangi imevimba, imebabuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Nikapiga ukelele. Tabasamu akaja na mswaki mdomoni, akatazama, akasema mafuta ya breki hula rangi. Akaniuliza kama niliyamwaga hapo. Nikasema mimi simwagi ovyo.

Anajua hadi kinachokula rangi! Nimeandika jina lake, nikalipigia mstari mara mbili.

Mke wangu kapiga simu. Shangazi zake wote wanajua, hata fundi cherehani wao anajua. Kaniuliza, "Mume wangu, hilo gari linasimama lakini?" Nikamwambia kuondoka linaondoka vizuri sana. Akauliza kama kile kilima cha kushukia nyumbani nilichomsimulia ni kirefu. Nikasema mtandao unakatika.

Alhamisi, 8 Mei

Pedeli sasa imekuwa laini kama mkate uliolowa. Lazima nipige pampu mara tatu ndipo ishike. Upepo umeingia kwenye mabomba. Upepo sharti utolewe.

Mlinzi aliniachia kijitabu cha gari. Kuna picha. Mtu mmoja kaketi anakanyaga breki na kushikilia, mwingine yuko gurudumuni na spana. Huyu akifungua nati, upepo unatoka. Akishafunga, ndipo yule aachie. Akiachia mapema, upepo unarudi ndani. Wote wawili kwenye picha wanacheka. Sikupenda.

Yaani maisha yangu yawe kwenye unyayo wa mtu mwingine? Hapana. Nikachukua fimbo ya kudekia, nikaibana kati ya kiti na pedeli. Nikatambaa hadi gurudumuni. Nagusa spana tu, fimbo ikafyatuka, ikagonga honi, honi ikakwama. Ikalia mpaka nilipong'oa waya wa betri. Mama mwenye nyumba akatoka na taulo kichwani. Fimbo ilikuwa yake. Imevunjika vipande viwili.

Tabasamu akaja. "Kaka, si uniite nikukanyagie?" Nikamwambia nilikuwa najaribu honi.

Ijumaa, 9 Mei

Basi lingefika keshokutwa ingekuwa rahisi, lakini linafika kesho. Nimemwita Tabasamu anikanyagie.

Lakini sikuenda kichwa kichwa. Nimefikiri kutwa chini ya mifuko. Adui ukimwambia kanyaga, ataachia. Basi nikitaka akanyage, niseme achia! Nikitaka aachie, niseme kanyaga! Nilijipongeza mwenyewe.

Tukaanza. Nikapaza sauti, "Achia!" Akaachia. Nikafungua nati, ikafyonza upepo, fyuu! Nikasema, "Kanyaga!" Akakanyaga, mafuta yakanirukia usoni. Akauliza, "Kaka, una uhakika na mpangilio huo?" Nikamwambia afuate maagizo. Akafuata yote, mpaka jasho likamtoka.

Sasa pedeli inalala sakafuni, hainyanyuki hata ukiibembeleza. Breki hamna kabisa. Ushahidi kamili! Aliijua mbinu yangu tangu mwanzo.

Jumamosi, 10 Mei

Niliamua kwenda hivyo hivyo, kwa gia ya kwanza na breki ya mkono. Nikavaa shati jeupe. Nikawasha. Uwanja wetu unateremka kidogo, sikuwahi kulitilia maanani. Nikavuta breki ya mkono. Ikashika gurudumu moja tu. Gari likageuka upande, likaingia kwenye kamba ya nguo, shuka la mama mwenye nyumba likafunika kioo chote. Nikaanza kuomba Mungu. Likagonga pipa la maji, likasimama.

Nikakaa humo kwenye giza la shuka. Nikawaza kile kilima, na mke wangu akiwa kando yangu. Nikazima gari.

Nikaenda stendi kwa miguu. Akashuka, akanitazama, akatazama nyuma yangu. "Liko wapi?" Nikasema linamsubiri nyumbani. Nikabeba sanduku lake begani kama mfuko wa saruji, tukapanda na kushuka kilima. Njia nzima alikuwa akicheka kimoyomoyo, nilimsikia.

Kufika, hakuketi. Akainama gurudumu la nyuma kushoto, akapitisha kidole upande wa ndani, akakinusa. Akaomba jeki. Tukang'oa gurudumu, tukang'oa dram. Ndani mafuta matupu! Silinda ndogo mpira wake umechanika, na brekishu, zile pedi zinazobana dram, zimelowa chapachapa.

Tabasamu akaingia chumbani kwake, akatoka na silinda mpya na brekishu mpya. Kanunua Jumatatu. Akasema alijua nitamwita tu, shemeji yake asije akapata aibu stendi.

Tukafunga. Mke wangu akaketi kwenye umbo la mlinzi. Nilikuwa nimechoka mno kupindua maneno. Nikasema kanyaga, akakanyaga. Nikasema achia, akaachia. Pedeli ikawa ngumu kama tofali.

Jumapili, 11 Mei

Tumeshuka kilima! Nimesimama katikati, nikasimama tena chini, bila sababu, kwa raha tu. Mke wangu kampigia shangazi simu ili asikie breki ikishika. Sijafurahi hivi tangu nije huku.

Lakini. Alijifunzia wapi? Anasema kwenye pikapu ya baba yake, tangu ana miaka tisa alikuwa akimkanyagia breki. Pikapu naijua, nimepanda. Hata hivyo.

Na Tabasamu kapelekewa sahani ya chakula, imefunikwa.

Na mafuta ya kupikia! Asubuhi chupa ilikuwa imejaa. Mchana imepungua vidole viwili. Nikatazama chini ya jiko. Sakafu kavu. Hakuna hata tone! Nikachora mstari, nikarudisha kalamu kiatuni.

Jioni nimeitazama tena. Chini ya mstari wangu kuna mstari wa pili, umenyooka kuliko wangu, na maneno: "Nilikukaangia mayai manne. Kesho maandazi."

Mwandiko ni wake, sikatai. Lakini kalamu ni yangu, na kiatu kilikuwa nyuma ya kufuli jipya.

Nani kamwonyesha?