Mke wa Hadi Saa Tatu Usiku

Jumapili, 4 Mei

Wiki ya pili ya ndoa! Naandika tena ili nilione neno lenyewe: ndoa. Ndoa yangu. Mimi, Nsimire, mke wa Olivier. Tulifungishwa mjini, ofisi ya serikali, siku ya kazi. Tarehe niliichagua mimi. Olivier alikuja na viatu vya jikoni kwa sababu alitoroka kazini kidogo tu. Mpishi wangu! Alisema ndiyo kwa sauti ndogo mpaka msajili akamwomba arudie. Haya ya mapenzi.

Kasoro ni moja. Mume wangu analala kwa mama yake, mtaa wa Rooty Hill, mbali kwa treni. Mimi nalala Kensington, chumba cha nyuma, nyumba ya kupanga na wanafunzi. Mama Olivier ametamka: karatasi ya serikali ni ya serikali. Mchungaji hajabariki, basi mwanawe hatalala kwa mwanamke. Anaruhusiwa kunitembelea, ila saa tatu usiku awe amerudi mlangoni kwake. Ana miaka thelathini na moja. Utii ulioje!

Leo kanisani nilikwenda kukaa na wamama. Mama Olivier ndiye kiongozi wao. Akanishika kiwiko, polepole, tabasamu limejaa, akanipeleka safu ya mabinti. Wa kushoto kwangu bado anavaa chuma cha meno. Akaniuliza kwa Kiingereza kama nimerudia darasa.

Sinia la Meza ya Bwana likapita mbele ya pua yangu. Halikusimama.

Sawa. Naapa hapa: Olivier atalala kwangu. Kwa halali.

Jumanne, 6 Mei

Nimepata dawa. Sheria!

Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee ambako Olivier anapika, walitukalisha tutazame video. Mfanyakazi asitendewe tofauti kwa sababu ya dini yake, wala kwa sababu ameolewa au hajaolewa. Ni haki yake. Nikalia machozi kabisa. Wenzangu walikuwa wamelala. Mama Olivier, ambaye kwa bahati mbaya ndiye msimamizi wa zamu yetu, alikuwa anakata kucha.

Jioni nikakitia cheti cha ndoa plastiki ngumu, nikapanda treni hadi Rooty Hill. Nikamsomea Mama Olivier chote, hadi namba ya usajili. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema binti nimesoma vizuri. Basi nirudi kwa huyo aliyepiga muhuri, ndiye mume wangu, anioe, anipikie, anizike. Kisha akauliza kama plastiki hiyo inavumilia moto. Akaweka sufuria ya ugali juu yake.

Inavumilia. Imebaki alama ya duara tu.

Olivier alikuwapo. Alinitazama kwa huruma tele. Akaomba aongezewe sombe, majani yale ya muhogo.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda kwa mwanasheria wa bure, mama mmoja anaitwa Cheryl. Nikamuuliza ni polisi gani wanaohusika na kumleta mume nyumbani. Hakuna! Sheria inaweza kunioza, akasema, haiwezi kumtoa mtu kwa mama yake. Na kanisa je, linaruhusiwa kuninyima baraka? Linaruhusiwa, lina uhuru wake. Na mimi? Nami nina uhuru wangu. Na mama mkwe? Naye pia. Nchi nzima ina uhuru, mimi sina mume.

Halafu akashusha sauti, akauliza: je, yeye mwenyewe Olivier anataka kuhamia kwako?

Swali gani hilo! Nikamtazama kidole. Hana pete. Nikaelewa.

Nimefika nyumbani, Jerotich yuko jikoni. Ni Mkenya, anasomea uuguzi, tunapanga pamoja. Akaniuliza, sasa bibi harusi, umeolewa na Olivier ama na treni? Akacheka mpaka akaunguza chapati. Maskini, hajaolewa. Moyo wake mkavu.

Jumamosi, 10 Mei

Rosta mpya ya zamu imetoka. Siku Olivier anapumzika, mimi kazini. Siku ninayopumzika mimi, Olivier jikoni. Kila siku! Mama Olivier amekaa na rosta ya jikoni kushoto na yangu kulia, akashona kama kitenge. Nikamuuliza kwa heshima. Akajibu wazee hawajui harusi, wanajua kuogeshwa.

Basi na mimi nikakumbuka video.

Nimemwandikia meneja, Douglas. Malalamiko rasmi. Kwamba Mama Olivier ananibagua kazini kwa sababu nimeolewa, na kwamba dini yake inapanga zamu zangu. Nikaeleza historia yote tangu mwanzo: tulivyokutana kwenye dirisha la jikoni, Olivier anavyomenya karoti, vidole vyake. Ikawa kurasa nyingi. Nikatuma.

Najisikia mwepesi kama siku ya harusi.

Jumatano, 14 Mei

Barua imekuja! Kikao ni Ijumaa. Mama Olivier kapata barua kama yangu. Leo hakunisalimu. Nilimkuta chumba cha kufulia, amesimama tu, ameshika shuka la mtu, mashine haijawashwa. Ameinua wazee hapa miaka tisa, mgongo umeisha. Nilimwonea huruma kidogo. Kisha nikakumbuka sufuria.

Barua inasema kila mmoja ana haki ya kuja na mtu wa kumuunga mkono. Nikasoma mara nyingi. Kumuunga mkono! Nikampigia Olivier, nikamwambia Ijumaa aje kwenye kikao. Akasema, nitakuwepo.

Neno moja, zito kama kiapo. Nimepiga pasi gauni la bluu.

Ijumaa, 16 Mei

Olivier amekuja. Amekuja na mama yake. Ameingia na mama yake, amekaa kando ya mama yake, amemshikia mkoba. Douglas akauliza kila mmoja kaja na nani. Mama Olivier akasema, mwanangu. Mimi nikaweka mkoba wangu kwenye kiti kitupu.

Kulikuwa na faida. Aliketi kunikabili, aliweza kuniona vizuri.

Douglas akaanza: je, nyinyi wawili ni ndugu kwa ndoa? Mama Olivier akasema mbele za Mungu, hapana. Nikakitoa cheti. Douglas akaigusa alama ya duara, akageuka, akamuuliza Olivier: huyu ni mke wako?

Olivier akamtazama mama yake. Akaitazama meza. Akasema, kwa karatasi, ndiyo.

Kasema ndiyo! Mbele ya mashahidi! Na safari hii hakuna aliyemwomba arudie.

Basi kesi ni rahisi, akasema Douglas. Hapa mtu hamsimamii mkwe wake. Mmoja lazima ahame. Mama Olivier ana miaka tisa, mimi nina miezi, tena kibarua. Kuanzia Jumatatu nitafanya kazi kwenye nyumba yao nyingine, Macquarie Fields. Zamu za alfajiri. Na kwa kuwa Mama Olivier hatanipangia zamu tena, malalamiko yamefungwa.

Mlangoni Mama Olivier akaniambia, haya, nenda salama, mke wa karatasi.

Lakini nimeshinda! Imeandikwa kwenye jalada la ofisi: mkwe.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani leo hata safu ya mabinti imejaa. Nimewekewa kiti karibu na mlango, kwenye upepo. Mchungaji Callixte kasema mafundisho yangu ya ndoa, yale ya kabla ya baraka, yamesimamishwa. Eti nimemshtaki kiongozi wa wamama kwa watu wa nje. Wazee wa kanisa wataniita kwanza.

Baada ya ibada Olivier akanivuta pembeni, nyuma ya magari. Mama yake alikuwa mbali, anakunja viti. Akasema tupumzishe hata kutembeleana jioni, kwa sasa. Macquarie Fields ni mbali, nitakuwa nachoka. Akasema kwa mama analala vizuri. Akasema alidhani harusi ile ilikuwa hatua tu ya kuniridhisha, mengine yangesubiri. Sauti ilikuwa tulivu kabisa.

Jinsi anavyonijali! Anahesabu hadi uchovu wangu. Na mama kamtisha kiasi gani, mpaka aongee hivyo hata asipokuwapo!

Nikamrudia Mchungaji. Nikamuuliza kama mbele ya wazee naruhusiwa kuja na mtu wa kuniunga mkono. Akakuna kichwa, akasema sawa, mmoja.

Haki hiyo! Kosa la Ijumaa nimeliona: mama alitangulia kumwomba. Leo nimemwahi. Nimemtumia Olivier ujumbe palepale uwanjani, na mioyo myekundu, kabla mama hajamaliza viti.

Ameusoma tangu mchana. Hajajibu. Anachagua maneno, mpenzi wangu.