Barua ya Kurasa Nne kwa Mzee Eliakim

Jumatatu, 3 Mei 2004. Kitale.
Nimegundua siri! Neno la Kiingereza ni baiskeli tu. Usukani mbele, fremu katikati, keria nyuma. "Believe" ni fremu. Funga "un" mbele, kaza "able" nyuma: "unbelievable". Linatembea! Na mimi ni fundi wa baiskeli miaka tisa. Nani ataniweza? Barua ya kumposa Phelista nitaiunda mwenyewe. Yeye anasema baba yake, Mzee Eliakim wa Sirisia huko Bungoma, ni mtu wa Kiswahili na sukari. Niende tu na kilo mbili. Msichana mnyenyekevu sana.

Jumatano, 5 Mei.
Nimekata vipande vya katoni, nikaandika juu yake: usukani kumi na saba, keria ishirini. Barua kurasa nne. Hakuna fremu iliyoenda uchi. Festus, muuza viazi wa Saboti, kaleta baiskeli, breki zimekufa. Ati Jumamosi ana safari ya huko Bungoma. Akachungulia barua, akauliza, "Bana, hii ni barua ama ni karatasi ya dawa ya ng'ombe?" Wivu! Breki nikamtengenezea vizuri kabisa. Mimi ni muungwana.

Jumamosi, 8 Mei. Sirisia.
Balaa. Kwa Mzee Eliakim barua ya posa husomwa mbele ya wazee, na hakuna kula mpaka kila mzee akiri ameelewa. Wazee saba! Edah, shangazi yake Phelista na mwalimu mstaafu, akawafungulia kila neno, kipande kwa kipande. Mzee Jotham, ambaye hasikii vizuri, akataka kila keria irudiwe. Saa nane, bado ukurasa wa kwanza. Kuku ananukia jikoni. Saa tisa akaingia Festus, breki zangu laini kama maziwa. Kaleta sukari, majani chai, karatasi moja. Edah akasoma: nampenda Phelista, nataka kumuoa. Wote wakasema wameelewa. Hata Jotham! Nikamtazama Phelista. Akasema sukari yangu ameingoja tangu Krismasi. Kisha akampakulia Festus paja la kuku.

Jumapili, 9 Mei. Kitale.
Kosa nimeliona: kurasa nne ni chache. Nani ataheshimu barua inayoisha? Sasa kuna Chepkorir, muuza maziwa, hunisalimia vizuri. Baba yake nasikia hajui Kiingereza hata kidogo. Atashangaa huyo! Dada yangu Peris kanipa kilo mbili za sukari, ati safari hii nibebe. Nimeitia kwenye chai. Niko ukurasa wa sita.